Salama, Ila

Mgonjwa wa kwetu huku kusini mwa Tanzania utamkuta kitandani, dripu mkononi, mguu umefungwa bandeji hadi kwenye kifundo, umsalimie, "Mzee wangu, umeamkaje?" naye atakujibu, "Salama." Hakudanganyi. Salamu ni salamu. Hata aliyefiwa jana anajibu salama kwanza, kisha ndipo anakupa msiba. "Salama, ila..." Ugonjwa uko kwenye hiyo ila, na ila haimtoki mtu mbele ya nesi aliyesimama upande upande, faili kwapani, macho yameshafika kitanda kinachofuata.

Miaka yangu ya mwanzo nilikuwa nesi wa namna hiyo. Nasalimia, najibiwa salama, naandika "anaendelea vizuri", nasogea. Nilikuwa mwepesi na wepesi wangu ulisifiwa kwenye vikao.

Jambo dogo kabla sijaendelea. Mimi ni mwanaume, kwa hiyo wodini naitwa daktari. Wenzangu wa kike wanaitwa nesi au sista hata wakiwa na digrii. Mimi nikivaa tu sare nimeshakuwa dokta. Zamani nilikuwa nasahihisha kila mara, nikachoka. Siku hizi nasahihisha pale mgonjwa anapotaka kunieleza jambo, maana yapo maneno ambayo mtu hamwambii daktari. Daktari anaambiwa tumbo linauma. Nesi anaambiwa kwamba zile dawa za wiki mbili zimeliwa na watu wawili, mume na mke, kwa kuwa wote wanaumwa na hela ilitosha dozi moja.

Sasa mzee wangu.

Alitoka upande wa Newala, juu ya uwanda wa Makonde, akaletwa kwenye hospitali ndogo niliyokuwa nikifanya kazi wakati ule. Kisukari cha miaka mingi, na presha juu yake. Alikanyaga kisiki akisafisha chini ya mikorosho. Hakusikia maumivu, kwa sababu sukari ikikaa juu muda mrefu inaharibu mishipa ya fahamu ya miguu na unyayo unabaki na ganzi. Kilichomshtua ni damu kwenye ndala. Akaweka majani. Majani yakishindwa akafungua kapsuli za rangi mbili, zile zinazouzwa hata dukani kwa mangi, akanyunyiza unga wake juu ya kidonda. Alipofika kwetu ilikuwa Novemba na kidonda kilikuwa kinanuka.

Nilimgombeza kwa kuchelewa. Akanitazama kama mtu anayemtazama mtoto. Korosho zilikuwa zinadondoka, akasema. Korosho isipookotwa ikakutwa na mvua, daraja linashuka, na ukishuka daraja umekula hasara ya mwaka. Nani angemwokotea? Sikuwa na jibu. Mtu anayesema wakulima wa huku wanapuuza afya zao hajawahi kuona nyumba inayosubiri malipo ya mnada mmoja wa korosho kulipia ada, mabati na madeni ya salfa, dawa ya mikorosho, kwa mkupuo.

Alikuwa mzee wa maneno. Yeyote aliyeingia wodini akitokea nje aliulizwa, "Mnada umetoka bei gani?" Jioni mjukuu wake, binti wa sekondari, akimletea uji, kabla hajafungua chupa anaulizwa kama AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, wameshalipa. Tulikuwa tunamtania kwamba TANECU, chama kikuu cha ushirika cha Tandahimba na Newala, wangempa tu ofisi pale pale kitandani.

Siku ya nne niliingia zamu asubuhi. Kwenye makabidhiano nikaambiwa kitanda cha tisa hana shida, usiku kalala. Nikampitia. "Umeamkaje, mzee wangu?" "Salama." Joto 36.2. Presha 98 kwa 60. Kwa siku tatu ilikuwa inasoma 160 na kitu kwa 90 na kitu, na tulikuwa tukilalamika kuwa vidonge havimshiki. Nakumbuka nilifurahi. Niliandika kwa mkono wangu kwamba presha imeshuka, dawa zinafanya kazi. Kwenye safu ya upumuaji nikaandika 20.

Sikuhesabu.

Nesi yeyote anayesoma hapa anajua nazungumzia nini. Chati nyingi nilizoshika maishani, safu hiyo inasoma 20, 20, 22, 20, utadhani wodi nzima inapumua kwa filimbi moja. Presha ina mashine. Joto lina kipimajoto. Oksijeni ina kile kibanio cha kidole. Pumzi haina kitu ila jicho lako na saa, na inataka dakika nzima, sekunde sitini, umesimama huonekani unafanya lolote huku ndugu wa kitanda cha kumi na mbili anakuita. Basi mkono unaandika 20. Na katika vipimo vyote hivyo, pumzi ni miongoni mwa vinavyobadilika mapema kabisa mwili unapoanza kuelemewa, mara nyingi kabla presha haijatoa siri.

Mchana nilivutwa wodi ya watoto, tulikuwa wachache. Niliporudi ilikuwa saa kumi na moja jioni. Mjukuu alinifuata mezani, chupa ya uji bado imejaa.

"Daktari, babu leo hajaniuliza."

"Hajakuuliza nini?"

"Mnada."

Nilitaka kucheka. Nikamwambia labda kachoka.

"Nimemtajia bei mwenyewe," akasema. "Ameniangalia tu."

Hilo la kutajiwa bei na kunyamaza ndilo lililoninyanyua kwenye kiti. Nikaenda, nikakaa ukingoni mwa kitanda, nikamshika mkono kama ninayepima mapigo. Huo ni ujanja wa zamani: mtu akijua unahesabu pumzi zake anaanza kuzipanga, kwa hiyo unashika mkono, macho yako kifuani. Thelathini na mbili. Nikahesabu tena, sikuamini. Thelathini na mbili. Mapigo 116. Vidole vyake vilikuwa baridi na jioni ile ya Novemba hata ukuta ulikuwa unatoa jasho.

"Mzee," nikamwuliza, "hapa tuko wapi?"

"Salama," akanijibu.

Baadaye, nikiwa nimetulia, niliyapanga yale mambo yakanikera kwa jinsi yalivyokuwa wazi. Mwaka 2016 wataalamu wa sepsisi, yaani maambukizi yanapofika mahali pa kuharibu viungo vya mwili, walitoa alama tatu ambazo mtu anaweza kuziona kitandani bila maabara: pumzi 22 au zaidi kwa dakika, namba ya juu ya presha 100 au pungufu, na akili kubadilika. Mbili zikikutana, shtuka. Mwongozo wa kimataifa wa 2021 ukaonya kwamba alama hizo zisitegemewe peke yake kuchuja wagonjwa, na onyo hilo ni la haki, kwa sababu wapo wanaozidiwa bila kutimiza hata mbili. Mzee wangu alikuwa nazo zote tatu. Moja niliiandika nikaisifu. Moja niliizua. Ya tatu nililetewa na binti mwenye chupa ya uji.

Tazama ile presha. Kwa msichana mwembamba wa miaka ishirini, 98 kwa 60 unaipita bila kugeuka. Kwa mtu anayeishi na 160 ni maporomoko. Namba ile ile. Chuoni tulifundishwa viwango vya kawaida na ni lazima uvijue, huwezi kuvikwepa, lakini mgonjwa ana kawaida yake mwenyewe na hiyo haiko kwenye kitabu. Iko kwenye kurasa za jana na juzi za chati yake, ukizifunua. Na lile joto 36.2 lililonipa amani: mzee, tena mwenye kisukari, anaweza kuwa na maambukizi mazito na asiungue hata kidogo. Nilisubiri homa ambayo mwili wake haukuwa na nguvu za kuiwasha.

Nikapima sukari: 24, juu mno. Nikapiga simu.

Kupiga simu nako ni kazi inayojifunzwa. Nilipoanza kazi nilikuwa nasema, "Daktari, kitanda cha tisa hali yake siipendi." Ni kweli tupu, na haisaidii. Daktari aliyeamshwa saa tisa usiku akikuuliza "Huipendi vipi?" ukaanza kumumunya maneno, atakwambia endelea kumwangalia, na lawama zitakuwa zenu wote wawili. Nesi wengi wanaishia hapo, wanakata simu wanasema wamedharauliwa. Wakati mwingine ni kweli wamedharauliwa. Wakati mwingine wameleta moyo bila hesabu. Siku ile nilisema hivi: mzee wa kisukari mwenye kidonda cha mguu, pumzi 32, mapigo 116, presha 98 wakati kawaida yake ni 160, sukari 24, hatambui alipo na jana alikuwa anaongea vizuri. Nadhani maambukizi yameingia kwenye damu. Naomba uje sasa hivi, mimi natafuta mshipa wa pili. Alifika hata sijamaliza kubandika plasta ya kanula.

Oksijeni, maji ya dripu, antibayotiki za mshipa, insulini. Usiku ule ule gari likampeleka rufaa, mjukuu kakaa nyuma na chupa yake ya uji. Mguu ulikatwa chini ya goti. Mzee akapona.

Daktari aliyempokea aliniambia mguu ulikuwa umeshakwenda tangu hajaletwa kwetu. Nadhani alisema kweli na nadhani alisema pia ili nilale. Niliandika 20 saa moja asubuhi nikahesabu 32 saa kumi na moja jioni. Hapo katikati kuna saa kumi, na sijapata mtu wa kunirudishia.

Kuna mtu mwingine lazima nimtaje, maana bila yeye mtadhani mazoea ni adui tu. Nilipokuwa mgeni wa kazi nilipangwa wodi ya wazazi chini ya mama mkunga aliyekaribia kustaafu. Mnene, polepole, hakimbii kwa lolote. Akipita kwa mama aliyejifungua hamwulizi kitu. Anapenyeza mkono chini ya kiuno, anautoa, anautazama kiganja, anaendelea. Mimi nilikuwa nakagua pedi kwa mbele, naiona safi, naandika "hakuna damu nyingi". Akaniambia, "Mwanangu, damu haipandi mlima." Mama amelala chali, damu inateremkia mgongoni, inanywewa na kanga na godoro, na kule mbele panabaki pasafi. Kanga nazo alikuwa na sheria yake: nyeusi na nyekundu marufuku kitandani kwake kwa saa za mwanzo. Leteni kanga nyeupe nyeupe, alikuwa anawaambia ndugu, za kupendeza mtavaa mkienda arobaini.

Usiku mmoja alisimama kwenye kitanda cha binti wa uzazi wa kwanza ambaye mimi nilishampima dakika kumi tu nyuma, 110 kwa 70, nikaandika yuko imara. Binti alikuwa anaomba maji tena na tena. Mama mkunga akapenyeza mkono, ukatoka umelowa hadi kwenye kifundo. Kilichofuata kilikwenda haraka lakini bila kelele. Alimgusa tumbo: mfuko wa uzazi laini, umepanda juu na kuegemea kulia. "Hajakojoa huyu," akasema, maana kibofu kikijaa kinausukuma mfuko na kuuzuia usijikaze. Tukamtoa mkojo, yeye akiusugua mfuko kwa kiganja, oksitosini, dawa ya kuukaza mfuko, ikaongezwa kwenye dripu, akanishika mkono akauweka pale tumboni ili nisikie wenyewe unavyogeuka kutoka unga wa mkate kuwa nazi.

"Presha ya mzazi kijana ni mwongo," aliniambia tukinawa. "Inajikaza mpaka dakika ya mwisho. Mapigo ndiyo yanasema." Mapigo ya binti yalikuwa 124. Sikuwa nimeyaangalia, kwa sababu presha ilinipendeza.

Nikamwuliza alijuaje hata kabla ya kuweka mkono. Akafikiri kidogo. "Alipiga miayo mara tatu."

Kwa muda mrefu nilidhani hicho ni kipaji, kama watu wanavyodhani fundi wa vinyago anaona sura ndani ya mti wa mpingo. Patricia Benner, muuguzi na msomi wa Marekani, mwaka 1984 aliupanga ujuzi wa uuguzi katika ngazi tano, kuanzia mgeni wa kazi hadi bingwa, akiuazima mpango huo kwa ndugu wawili, Hubert na Stuart Dreyfus, waliokuwa wamechunguza wacheza sataranji na marubani. Mgeni anashika kanuni moja moja. Bingwa anaona hali nzima kwa mkupuo, na ukimwuliza kaonaje anaweza kukosa maneno. Ndivyo alivyokuwa mama mkunga wangu. Ila mimi naongeza kitu kutokana na kitanda cha tisa: kati ya mgeni na bingwa kuna mtu aliyezoea, na kwa mbali mzoefu na bingwa wanatembea mwendo mmoja. Wote hawaonekani wakihesabu. Tofauti ni kwamba mama yule alikuwa anahesabu, miayo ile aliijua ni mitatu.

Nimesema moyo bila hesabu, nisieleweke vibaya. Ule moyo unaokataa, unaokufanya urudi kitandani bila sababu unayoweza kuitaja, usiupuuze. Ni macho yako yameona kitu ambacho ulimi haujapata jina lake. Mimi siku hizi ukikataa nauchukulia kama amri ya kwenda kuhesabu. Mara nyingine nakuta hakuna kitu, nimepoteza dakika mbili. Nimewahi kupoteza zaidi kwenye foleni ya chapati.

Tena kuna ujuzi mwingine ambao hauko hata kwenye chati, uko kwenye Kiswahili chenyewe. Mwambie mgonjwa ameze dawa "kila saa nane". Wewe umekusudia kila baada ya saa 8. Yeye kasikia saa nane, akaimeza mara moja kwa siku, saa nane mchana, bila kukosa, na akirudi hajapona unasema hana nidhamu. Yule ana nidhamu kuliko wewe! Na "kutwa mara tatu" tunayoandika kwenye bahasha, kutwa ni mchana. Mtu anabana vidonge vitatu kati ya chai na machweo, usiku kucha dawa haipo. Nilipogundua hilo nikaacha kutaja mara ngapi, nikawa nataja lini: saa kumi na mbili asubuhi, saa nane mchana, saa nne usiku. Halafu namwomba anirudishie kwa maneno yake. Ramadhani inakuja na mjadala wake, na huku ambako wengi wanafunga ni afadhali uulize wewe mapema kuliko kusubiri mwenye kisukari akuletee jibu akiwa hajitambui.

Mzee aliporudishwa kwetu kwa ajili ya kufunga kidonda, nilikuwa na maelezo tayari kichwani: kisafishwe kwa maji safi yaliyochemshwa. Nikakumbuka anakoishi. Juu ya uwanda ule mchanga unakunywa mvua yote, chemchemi ziko mabondeni chini, na nyumba nyingi zinaishi kwa maji ya mabomba yanayosukumwa kutoka bondeni, yakija, au matangi ya kuchimba yanayokinga mvua ya bati. Nikamwuliza mjukuu, "Maji mnapata wapi?"

"Tangi lilikauka tangu mwezi wa kumi. Tunanunua ndoo."

Maelezo yangu yakafa pale. Tukapanga upya: chupa moja ya chai, ile ile ya uji, iwe ya kidonda tu; nusu lita iliyochemshwa, kijiko kimoja cha chai cha chumvi, ifunikwe, ipoe humo humo. Siku moja kwenye zahanati ya jirani, siku moja nyumbani. Na mguu uliobaki ukaguliwe kila jioni kwa macho, unyayo na katikati ya vidole, kwa kuwa wenyewe hausemi. Binti aliandika vyote nyuma ya daftari la hesabu. Sijawahi kuona maelezo yangu yakiandikwa kwa mwandiko mzuri vile.

Mara ya mwisho nilimwona kliniki, magongo mawili yameegemezwa ukutani, kofia ya kufuma kichwani. Foleni ilikuwa hadi mlangoni. Nikavuta kiti, nikakaa.

"Shikamoo, mzee wangu. Umeamkaje?"

"Marahaba. Salama."

Nikamshika mkono, nikatazama kifua, nikaanza kuhesabu. Nikafika tisa.

"Ila," akasema, "hawa AMCOS wamekata tena makato, hebu nieleze wewe uliyesoma, makato ya nini?"

Nikapoteza hesabu. Nikaanza upya.